Wawili Waliopanda Lindoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Kuni zangu ni mbichi, lakini masikio hayaumwi na moshi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisema na watu, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Juu ya mlima kulikuwa na mwamba ulioitwa Lindo, na aliyesimama pale aliiona nyika yote hadi macho yake yakachoka. Kila kiangazi wavamizi walipita nyikani wakiteka watu. Kwa hiyo kila siku watu wawili walipanda Lindoni na pembe ya tandala. Pembe ikilia mara mbili, wanakuja wageni wema. Ikilia mara tatu, kimbilieni pangoni.

Siku moja vijana wote walikuwa mbali mawindoni. Wazee wakawaangalia waliobaki: wagonjwa, wanaonyonyesha, na wanawake wawili wasio na mtoto mgongoni. Mmoja alikuwa Wakesho, mjane kijana. Wa pili alikuwa Mkawasi, mama wa marehemu mume wa Wakesho. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Mume alikufa kwa homa, na Mkawasi alisema mbele ya watu wote kwamba mke alichelewa kumwita mganga.

Wakaondoka alfajiri. Njia haikuwa kali. Ilipanda taratibu, taratibu, taratibu, ikiuzunguka mlima kama mshipi, na upande mmoja kulikuwa na genge lenye kina kirefu. Mkawasi alitangulia. Wakesho alifuata na pembe.

Jua lilipokwisha kupanda, Wakesho akasikia nyasi zikilia nyuma yake. Akageuka. Chui amesimama katikati ya njia. Wakaenda hatua kumi, naye akaja hatua kumi. Wakasimama, naye akasimama. Kurudi hakukuwezekana tena.

"Chui hamrukii mtu anayemtazama," Mkawasi akasema. "Mtazame wewe. Nipe mkono nikuongoze."

Wakesho akampa mkono, akaanza kutembea kinyumenyume. Chui akawafuata polepole.

"Wakesho," chui akasema, "mkono huo ni wa nani?"

Wakesho akaendelea kurudi nyuma, macho kwa chui.

"Wakesho, genge liko upande gani?"

Kisigino cha Wakesho kikasukuma jiwe. Akalisikia likianguka, wala hakulisikia likifika.

"Wakesho, huyo aliyekulaumu kwa kifo cha mwanawe anakupeleka wapi?"

Wakesho akapunguza mwendo.

"Mama," akauliza, "unanipeleka wapi?"

Mkawasi akasimama.

"Asubuhi nilipoliona genge hili, nilitamani uanguke," akasema. "Sikufichi. Sasa inua mguu wa kulia, kuna mzizi."

Wakesho alitaka kuuchomoa mkono wake. Akafikiri. Kisha akainua mguu wa kulia. Mzizi ulikuwepo.

Wakafika Lindoni jua la utosi. Mkawasi akatazama nyikani, akaona vumbi jekundu karibu na mto mkavu, na ndani ya vumbi mikuki inang'aa. Akaichukua pembe, akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akapuliza tena, hewa tupu. Kupanda kulikuwa kumemmaliza kifua.

"Sina pumzi," akasema. "Piga wewe."

"Nikigeuka atanirukia."

"Mimi nitamtazama."

Wakabadilishana. Wakesho akampa chui mgongo, akapiga pembe mara ya kwanza. Kule chini watu wakaacha kutwanga. Akapiga mara ya pili. Watu wakatulia, wakisubiri, maana mara mbili ni wageni wema. Nyuma yake akasikia kucha zikikwaruza mwamba. Hakugeuka. Pembe ikabaki mdomoni bila kulia.

"Bibi," chui akamwambia Mkawasi, "sogea kando. Ninamtaka huyo tu. Si ndivyo ulivyotamani?"

"Ndivyo," Mkawasi akasema. "Asubuhi."

Akapiga hatua moja kumwendea chui, bila kupepesa macho, ingawa machozi yalikuwa yakimtiririka kwa jua. Wakesho akavuta pumzi, akapiga mara ya tatu. Kijiji kizima kikakimbia.

Chui akainamisha kichwa.

"Tangu asubuhi natafuta mgongo ulioachwa peke yake," akasema. "Siuoni."

Akaingia kichakani, akaenda zake.

Wavamizi walipofika kijijini walikuta majivu ya moto na kuku mmoja. Wakapita. Jioni wanawake wale wawili wakafika pangoni. Watu waliijua chuki yao, kwa hiyo walikuwa wamewatengea nafasi mbili: moja karibu na mlango, nyingine mwisho kabisa wa pango.

Mkawasi akazitazama nafasi zile. Kisha akakunjua mkeka wake katikati ya watu.

"Sogeeni kidogo," akawaambia. "Mimi na mwanangu tunakaa hapa."

Na hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Anayetaka nyingine, aongeze kuni kavu.