Kijani cha Bi Mwanjaa

Kesi hii nawaletea nyinyi, kwa sababu walioisikia kabla yenu walirudi makwao wakibishana.

Bi Mwanjaa wa Muheza alikuwa na watoto watatu. Hemedi alijaliwa jicho la kuchagua rangi. Semboja alijaliwa mkono. Akipaka ukuta huoni brashi ilipopita. Zuhura alijaliwa ulimi. Akikusimulia harusi usiyokwenda, unajiona umekaa mstari wa mbele.

Macho ya mama yao yakaingia ukungu. Akasema mbele ya majirani chumba chake kipakwe upya, na mtoto atakayemrudishia raha yake humo ndiye atakayemwachia chumba. Hemedi akapaka vipande viwili ukutani, kijani na rangi ya maziwa. Mama akasogeza uso mpaka pua ikagusa ukuta.

"Kijani," akasema. "Ndicho alichonipakia baba yenu nilipoingia humu bibi harusi."

Hemedi alijua kijani kingetia giza, na mama keshaanguka humo mara mbili. Akachagua rangi ya maziwa, akawaambia wenzake wanyamaze.

Semboja akapaka siku mbili. Kuta zikang'aa, kitanda na meza vikajitokeza vyeusi mbele ya mama. Hakujikwaa tena, ingawa ukungu ulizidi na rangi hakuzitambua tena, ila mwanga na kivuli.

Zuhura naye, kila asubuhi akileta chai, akamsimulia kijani: leo jua limekipiga, mama, kimekuwa kama mgomba uliooshwa na mvua. Mama akawa anapapasa ukuta akiongea na marehemu mumewe.

Mwaka ukapita, mama akapasuliwa macho, yakapona. Akaenda moja kwa moja chumbani. Akasimama katikati, akageuka ukuta hadi ukuta.

"Nilikuwa naongea na nani humu?"

Hemedi akasema alichagua yeye, asingeweza kumwokota chini mara ya tatu. Semboja akasema bila mkono wake mama angekuwa kavunjika nyonga. Zuhura akalia, akasema raha yote ya kijani alimpa yeye.

"Mimi mama yenu," akawajibu. "Mngeniambia, ningekataa, tungegombana, yangekwisha."

Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa chumba. Ahadi alikwisha kuitoa, na majirani wapo mlangoni. Lakini kila anayemtazama ndiye aliyemlinda, na ndiye aliyemdanganya.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: ufunguo apewe aliyechagua, aliyepaka, au aliyesimulia? Au mama aufunge tena kwenye pindo lake? Wewe ungeamua vipi?