Shemahonge na Jabali la Kiapo

Mwenye kukohoa na akohoe sasa, maana mimi nikianza sikatizwi! Zamani za mababu wa mababu zetu, milima hii ilipokuwa bado msitu mtupu, alizaliwa Shemahonge mwana wa Kihiyo, mfua chuma, mwangusha fahali, Beba-Jabali, ambaye ndiye aliyetufanya sisi kuwa watu wa Kwemhanya.

Siku hizo alitawala Mkanka, aliyekuwa Zumbe, yaani mtemi wa milima hii, na barazani pake palikuwa na jabali. Kila aliyeshtakiwa alilishika, akanywa pombe ya mizimu, akaapa. Aliyekataa alisukumwa gengeni. Basi akaletwa Saumu mfinyanzi, Mwislamu, aliyesingiziwa wizi wa mbuzi, naye akakataa katakata. "Pombe sinywi, na jiwe siliapii. Mola wangu ananiona."

Shemahonge mwenyewe alikuwa mtu wa tambiko, tena shupavu. Lakini moyo ulimchemka kuona mama wa watu akiburutwa. Akasimama, akanguruma: "Ewe Zumbe! Kiapo ni cha nini kama si kumtia mtu hofu ya kusema uongo? Huyu halichi jiwe lako. Ukimwapisha kwalo, umempa ruhusa ya kudanganya! Mwache aape kwa anachokicha yeye."

Zumbe akacheka mpaka machozi. "Haya, bingwa wa maneno. Siku jabali hili litakapoondoka hapa, na sheria yangu itaondoka nalo."

Lo! Alimdhania nani? Shemahonge akajifunga kibwebwe, akainama, akalikumbatia jabali ambalo ukoo mzima usingelitikisa, mishipa ikamtutumka shingoni, akalinyanyua, akalibwaga gengeni, milima ikatetema. Vigelegele vilivyopigwa hapo, msiniulize! Zumbe hakuweza kula matapishi yake mbele za watu. Saumu akaapa kwa Mola wake, akasadikiwa, na ikawa sheria: kila mtu aape kwa anachokicha, wala asilazimishwe kucha cha mwenzake.

Mkanka alipokufa, watu walimtawaza Shemahonge, akatawala mpaka mvi zikamjaa. Ndipo Kigoda, mwanawe wa pekee, aliposilimu. Nani sasa angemmwagia baba pombe ya tambiko na kumwita jina? Kwa imani ya Shemahonge, mfu asiyeitwa na mwanawe hupotea kabisa.

Wazee wakamjia juu. "Mlazimishe! Si mwanao huyo?"

Shemahonge alilia mbele yao, wala hakujificha. Kisha akatamka: "Sheria iliyomwokoa mtoto wa mwenzangu haitamruka wangu. Mwacheni."

Kulipopambazuka akashika njia ya mlimani, nyundo begani, asionekane tena. Kaburi hana. Lakini hata leo barazani kwetu shahidi haapishwi kabla hajaulizwa, "Unamcha nani?" Na ukimuuliza mtu yeyote wa Kwemhanya, awe wa msikiti, wa kanisa au wa mizimu, yeye ni mtoto wa nani, atakujibu kwa sauti: wa Shemahonge!