Fisi na Gurudumu la Twiga

Basi tegeni masikio, na mwenye kiu avumilie. Ukame uliingia nchi ya wanyama, vijito vikakauka, kikabaki kisima kimoja chini ya mteremko. Fisi akataka awe mlinzi wake. Sungura aliposikia hayo alishikwa na hofu, maana alimjua Fisi: angekunywa peke yake mpaka yabaki matope, na watoto wa Sungura walikuwa wameshaanza kulamba umande.

Mfalme Simba akaamua yafanyike mashindano. Mbio za miguu alizikataa, kwa sababu Duma aliwahi kumshinda hadharani na jambo hilo halikuruhusiwa kutajwa.

"Mtapanda baiskeli za gurudumu moja," alinguruma. "Wa kwanza kufika kisimani ndiye mlinzi."

Walijitokeza watatu: Fisi, Sungura na Twiga. Fundi Nungunungu akampima kila mmoja kwa kamba, kutoka paja hadi kisigino, akamtengenezea baiskeli yenye gurudumu la kadiri ya miguu yake.

"Hapa hakuna gia wala breki," alionya. "Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Gurudumu kubwa lina mbio zaidi, lakini ni lazima miguu yako iliweze."

Fisi alisikia neno moja tu: kubwa. Akaiba baiskeli ya Twiga, na kwa kuwa miguu yake ya nyuma ni mifupi, akajifunga vigogo nyayoni ili afikie pedali.

Mbio zikaanza, Twiga akiwa bado anatafuta baiskeli yake vichakani. Fisi alizungusha mara moja, Sungura mara nne.

"Kula vumbi, mdogo wangu!" Fisi alicheka.

Sungura alikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto, na bado akaachwa. Nusura alie. Walipofika mteremkoni akapata akili.

"Bwana Fisi, wahi! Tembo kashatia mkonga kisimani!"

Fisi akainama mbele kuyatazama maji yake. Alivyozidi kuinama, ndivyo gurudumu lilivyozidi kukimbia, mpaka pedali zikaishinda miguu. Kigogo kimoja kikaruka, cha pili kikafuata, na Fisi mwenyewe akawa wa tatu. Alitua kifudifudi matopeni, hatua mbili kabla ya kisima.

Sungura akaegemea nyuma, akazibana pedali, akateremka taratibu, akampita.

"Lakini nilikuwa naongoza!" Fisi alilalama.

"Kweli, Bwana Fisi," Sungura alijibu, akiwajazia watoto kibuyu. "Uliiacha nyuma hata miguu yako."

Simba akaamuru Fisi anywe wa mwisho, nyuma ya Twiga, ambaye siku hiyo hakuwa na haraka yoyote.