Besi ya Lukindo

Hii nimetumiwa, nami naipitisha. Ukishaisoma mpe mwenzio, hasa yule anayejiona kazini anatosha peke yake.

Palikuwa na bendi ya watu watatu pale Arusha, wapigaji wa muziki wa roki usio na mwimbaji. Elirehema alikuwa kwenye gitaa la solo, Lukindo kwenye besi, Mwasaga kwenye ngoma. Wote walikuwa mafundi kwelikweli, lakini mashabiki walifuata vidole vya Elirehema, naye alilijua hilo vizuri mno. Sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Siku moja walirekodi onyesho lao mbele ya watu ili watoe albamu. Katikati ya wimbo wao mrefu kuliko zote, umati ukishangilia, besi ilinyamaza ghafla, kisha ikarudi. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Elirehema yeye aliona ameaibishwa. Akatangaza kwamba atamfuta Lukindo kwenye albamu nzima.

Lukindo akamfuata studio. Alikuwa amekonda, anakohoa, na mtu mwenye macho angemuuliza anaumwa nini. Elirehema hakuuliza.

"Kaka, sikiliza tena kabla hujafuta," Lukindo alisema. "Sikiliza niliponyamaza, wewe ulikuwa umefika wapi."

"Kosa lako halitaingia kwenye jina langu."

Lukindo akaondoka, asirudi tena kwenye bendi. Elirehema akamwamuru fundi mitambo aifute besi yote na asibakize nakala, kisha akaipiga upya mwenyewe, akiifuatisha na gitaa lake. Jina na picha ya Lukindo akaviacha kwenye jalada, maana mashabiki wangeuliza.

Albamu ikatoka, ikasifiwa kila kona. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pomoni. Besi ilishikwa na mpigaji wa kukodi, mtu makini aliyeikariri albamu yote. Wimbo ule mrefu ulipofika katikati watu wakashangilia, na Elirehema, kama kawaida yake akishangiliwa, mori ukampanda. Vidole vikakimbia, akaruka kipande ambacho kwenye albamu hakukiruka. Besi ikaendelea na njia yake. Gitaa likaenda huku, besi kule, Mwasaga hajui amfuate nani. Wimbo ukafa palepale, watu wakazomea.

Nyuma ya jukwaa Elirehema alimrukia yule mpigaji wa kukodi. Mwasaga akaingia katikati.

"Mwache, kapiga sawa," alisema. "Ukipotea, Lukindo alikuwa ananyamaza, anakusubiri, halafu anaingia palepale ulipo. Miaka yote hiyo. Kosa lilikuwa lako, yeye alikuwa analibeba."

Elirehema alitamani ardhi ipasuke immeze. Kulipokucha akaenda moja kwa moja kwa Lukindo kumwomba radhi. Akakuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa kwenye mikeka. Lukindo alikuwa amefariki jana yake jioni, wao wakiwa jukwaani. Ugonjwa wa kifua ulikuwa umemla muda mrefu.

Mjane wake, Mama Tunu, alimpokea bila kinyongo. Hakujua lolote, maana Lukindo hakuwahi kumsema mwenzake vibaya nyumbani kwake. Alimshika mkono akamwingiza ndani. Redio ilikuwa inapiga ile albamu kwa sauti ya chini, na binti yake mdogo, Tunu, ameegemeza sikio kwenye spika.

"Shemeji, Mungu akubariki," Mama Tunu alisema. "Bila albamu hii tungebaki na nini? Mtoto kakataa kula tangu jana usiku. Anasema anamsikiliza baba."

Elirehema akasikiliza naye. Kila mvumo wa ile besi ulikuwa wa vidole vyake mwenyewe, Lukindo hakuwemo hata chembe. Alifungua mdomo aseme, akamwangalia mtoto, akaufunga. Akakaa chini akalia kwa sauti, na waombolezaji wakamsifu kwa jinsi alivyompenda rafiki yake.

Funzo: Kabla hujamfuta mtu, jiulize ni mara ngapi amenyamaza ili wewe usiaibike. Ukishamfuta, hata kilio chako kitahesabiwa kuwa sifa yako, na yeye hatasikika tena.