Kiti Kimoja cha Lango la Bulimbi

Hapo zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, nchi ya Bulimbi ilikuwa na njia moja tu ya kuingilia, upenyo kati ya vilima viwili. Njia moja, lakini vibanda viwili! Sikieni hayo.

Kibanda cha kulia alikaa Shigela, mlinzi wa wageni. Yeye aliuliza: "U nani? Watoka wapi? Warudi lini?" Uso akiuona mara moja, hausahau hadi kufa. Kibanda cha kushoto alikaa Nkwimba, mlinzi wa mizigo. Yeye alifungua, akanusa, akaonja, akachota ushuru wa Mtemi, akafunga. Katikati yao ulisimama ua wa miiba, maana wawili hao walikuwa hawasemezani, mwaka wa saba sasa. Walinuniana kwa nini? Wenyewe walishasahau!

Maneno yao yalibebwa na Mhoja, mwanamume wa makamo mwenye mbio. Shigela akisema, "Mwambie yule mama, mimi ni wa wageni, si wa mizigo," Mhoja anazunguka ua. Nkwimba akijibu, "Mwambie yule baba, mimi ni wa mizigo, si wa wageni," Mhoja anazunguka tena. Wala msicheke, maana hata majirani wa ng'ambo walikuwa na vibanda viwili vivyo hivyo. Mabaya huigwa upesi.

Siku moja, jua la utosi, akaja mtu mwenye ndevu, sikio la kushoto lina pengo. Begani amebeba mkeka uliofungwa kwa kamba, machozi yanamtoka. "Mwanangu amenifia safarini. Naenda kumzika kwetu ng'ambo."

Shigela akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Lakini mgeni hujibu kwa kinywa chake. Wewe umejibu, pita. Huyo hajibu. Asiyejibu ni mzigo. Mpeleke kule."

Akaenda kule. Nkwimba akasema, "Pole sana, baba. Lakini mimi binadamu simfungui kama gunia la mtama. Mtu ni mgeni. Mrudishe kule."

Akarudi. Akaenda. Akarudi. Mhoja naye nyuma yake, kiguu na njia: "Anasema si wake!" "Naye anasema si wake!" Mara ya tatu yule mtu akapita zake kando ya ua, akatokomea ng'ambo.

Haukupita muda, wachungaji wakateremka kilimani mbio. "Jamani, maiti ya leo inapiga mateke!" Nyuma yao Milembe mfinyanzi, mikono imejaa udongo, anapiga yowe: "Limi wangu! Nani amemwona Limi wangu?" Mtoto wa miaka saba, na hakuwa na mwingine.

Wacha Mtemi awake! "Nikivusha mkuki mmoja kwenda ng'ambo, ni vita. Nisipovusha, mtoto amepotea. Na nyie wawili mlikuwepo!" Akashika shoka kwa mkono wake mwenyewe, akaukata ua wa miiba. Akaangusha vibanda viwili, akajenga kimoja. Ndani yake akaweka kiti kimoja. "Kuanzia leo mgeni na mzigo ni kazi moja, lango moja, mkuu mmoja. Atakayemrudisha Limi ndiye atakayekikalia. Wengine watamtumikia maisha yao yote."

Siku ya tano akaja muuza chumvi, kidevu kimenyolewa cheupe, gunia begani. Shigela akaruka. "Wewe! Ndevu umenyoa, sikio hukunyoa. Sikio la kushoto lenye pengo, ndilo lile lile!"

Yule mtu akacheka. "Masikio yenye pengo ni mengi, mzee. Mimi ndiyo kwanza nafika."

Na kweli, sikio peke yake lingemfunga nani? Hapo Shigela, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, akageuka. "Mama Nkwimba, hebu fungua."

Nkwimba akazamisha mkono mpaka kwapani, akaibuka na ushanga mwekundu, mmoja tu. Milembe alipouona, akaketi chini. Ulikuwa wa Limi. Nkwimba akaonja chumvi, akatema. "Chungu. Hii ni ya visima vya Mwalishi, mwendo wa siku mbili ng'ambo. Visima vyembamba, hushushwa watoto tu." Watu wakamfunga mwizi kamba.

Mhoja hakungoja kutumwa. Akakunja mkeka, akatoka mbio bila mkuki.

Siku mbili kwenda. Akawavizia wasimamizi wanakula, akateremsha kamba, akamvuta Limi. Siku mbili kurudi. Lakini lango la ng'ambo atalipitaje na mtoto asiye wake? Ahaa, mmeshajua! Akamfunga mkekani, akaanza kulia. Mlinzi wa kwanza akasema, "Huyo ni mzigo." Wa pili akasema, "Huyo ni mgeni." Akaenda. Akarudi. Akaenda. Akapita!

Alifika Bulimbi pumzi hana, akaanguka mbele ya lango, kusema hawezi. Shigela na Nkwimba wakauinamia mkeka pamoja. "Nani huyu?" "Kuna nini humu?" Waliuliza kwa pumzi moja, wakafungua kwa mikono minne. Limi akapiga chafya!

Vigelegele! Milembe analia, anacheka, hajui lipi aanze. Mtemi akaja, akasimama kando ya kiti.

Shigela akasema, "Bila jicho langu, mwizi angepita anapiga mbinja. Kiti ni changu."

Nkwimba akasema, "Bila ulimi wangu, mngekuwa na mwizi lakini mtoto mngemtafuta wapi? Kiti ni changu."

Mhoja akasema, "Jicho halikupanda kilima, ulimi haukushuka kisimani. Mimi nimekwenda. Kiti ni changu."

Ndipo Limi akamnyooshea Mhoja kidole. "Mjomba huyu aliniona siku ile. Mdomo nilikuwa nimezibwa, nikatoa kidole cha mguu nje ya mkeka, nikakichezesha. Akakitazama. Akaendelea kutembea."

Mhoja akainamisha kichwa. "Ni kweli. Kazi yangu ilikuwa kubeba maneno ya wengine. La kwangu niliogopa kulisema. Tangu siku ile sijapata usingizi."

"Kumbe!" akasema Shigela. "Mimi angalau sikuona."

"Hukuona kwa sababu hukutaka kutazama, baba," Milembe akamjibu.

Mtemi akasema, "Milembe, mtoto ni wako. Sema wewe, nani akae?"

Milembe akambeba Limi mgongoni, akakaza nguo. "Wote watatu walimpitisha, Mtemi wangu. Wote watatu wamemrudisha. Mwanangu ana njaa, mimi naenda kupika." Akaenda zake!

Na kule upenyoni, vumbi hilo! Msafara unakuja, wageni na mizigo yao, watoto na mikeka yao, na kiti bado kitupu. Haya, upesi, hawajafika: yule aliyekataa kutazama, kisha akaujua uso? Yule aliyekataa kufungua, kisha akaujua mzigo? Au yule aliyeona akanyamaza, kisha akamfuata mtoto hadi kisimani?

Je, nani alistahili kukikalia?