Bi Somoe Akaa Mlangoni

Kimya cha tufani si kwaheri. Maneno hayo aliyasema Bi Atiye, matroni wa bweni letu, Jumamosi moja baada ya maharage ya mchana. Ilikuwa siku ya tatu tangu kengele ya shule ikose sauti. Watu fulani, ambao heshima inanizuia kuwataja, walikuwa wameufunga ulimi wake kwa soksi mbili, na shule nzima, mwalimu wa zamu akiwemo, ikalala hadi saa mbili asubuhi. Tulitarajia fimbo. Badala yake Bi Atiye alitusalimu kwa upole siku zote tatu, akatuuliza hali za wazazi wetu.

Rafiki yangu Selukindo ndiye aliyetangaza kwamba mambo yamekwisha. Alisema mama wa watu ni mzee, amesahau, anasubiri kustaafu tu. Hakujua kwamba yuko nyuma yake na kigoda mkononi. Hapo ndipo Bi Atiye aliposema methali yake. Selukindo, kwa adabu ambayo hatukuwahi kuiona kwake, akauliza imetoka wapi.

Bi Atiye aliweka kigoda kwenye mlango wa bweni, akakaa akiegemea mwimo mmoja, akanyoosha miguu hadi mwimo wa pili. Mlango ulikuwa huo mmoja.

"Imetoka kwetu," alisema. "Chanzo chake ni hiki."

Kwao ni Mkokoni, kijiji kidogo kusini, ambako watu walivuna chumvi. Waliingiza maji ya bahari kwenye majaruba, jua likayakausha, wakakwangua chumvi na kuirundika bandani chini ya makuti. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Masika yalipokuja, chumvi yote ilikuwa imekwisha kuingia bandani, na kila mtu alisali paa lisivuje, kwa sababu mwaka mzima wa chakula, nguo na dawa ulikuwa ndani ya rundo lile jeupe.

Pale waliishi Abilahi na mkewe Fatu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Mama yake Fatu, Bi Somoe, alikuwa amekuja kumtunza mwanawe. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na watu wa Mkokoni walikuwa na mwiko mkali wa ukwe. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakupita karibu naye, wala hakusema naye moja kwa moja. Bi Somoe akiingia, Abilahi hutoka. Bi Somoe akikohoa uani, Abilahi hubadili njia. Miaka sita walikuwa wameishi hivyo kwa heshima kubwa, na Abilahi alimjua zaidi kwa kikohozi kuliko kwa sura.

Tufani ilikuja asubuhi moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na mbili. Upepo ulitoka kusini. Kwanza uling'oa migomba, kisha ukaanza kurusha minazi kama mtu anayechambua mchicha. Mlango wa nyumba ulitazama kaskazini, kwa hiyo uliwaokoa. Watu watatu walijibana chumba cha mbele pamoja na kuku wote, Abilahi akiwa ameugeuzia ukuta uso wake, kwa sababu hata tufani haikuondoa mwiko. Ukuta wa kusini ulitikisika. Udongo ulidondoka vipande vipande. Fatu alishika tumbo lake na kuhesabu pumzi. Wakaona kwa tundu la dirisha makuti ya banda la chumvi yakiondoka yote kwa pamoja, yakapita juu ya kijiji.

Kuelekea saa sita upepo ukakatika.

Haukupungua, ulikatika. Mvua nayo ikaacha. Jua likatoka. Juu ya Mkokoni kulikuwa na duara la anga la buluu, na mbali, pande zote, mawingu yamesimama wima. Milango ikaanza kufunguka. Watu wakaitana. Kila mvuna chumvi aliwaza jambo moja: rundo liko wazi, limelowa, na wingu likirudi chumvi itarudi kuwa maji. Ukiwahi na makuti na magunia, utaokoa nusu.

Abilahi alichukua magunia. Alipogeuka, Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo mmoja, nyayo kwenye mwimo wa pili.

Kupita karibu na mama mkwe ni aibu. Kuiruka miguu yake ni laana, na wazee wa Mkokoni walikuwa na mifano. Abilahi alisimama, macho yake yakitazama dari.

"Fatu," alisema, "mwambie mama anipishe."

Fatu akamwambia. Bi Somoe akajibu kwamba miguu inamuuma.

"Mwambie chumvi inalowa."

"Mwambie nimeiona."

Nje alipita Mshamu, jirani yao, na sepetu begani. Alikuwa mtu wa mzaha, na hata siku ile hakuuacha.

"Abilahi, umefungiwa na kikongwe? Twende bwana, au nikuletee kanga ujifunge?"

Abilahi alisikia miguu ya Mshamu ikienda chapuchapu kwenye tope. Alipima dirisha kwa macho, dogo. Akaenda ukuta wa nyuma, uliokwisha kulegea, akaanza kubomoa udongo kwa mikono. Fatu akamshika mumewe shati asibomoe ukuta, akalia, akamwambia mama yake ampishe mlangoni, vinginevyo mtoto atazaliwa kwenye njaa.

Ndipo Bi Somoe alipofanya jambo ambalo hakuna mkwe aliyewahi kulifanya Mkokoni. Alimwita kwa jina.

"Abilahi. Nitazame."

Abilahi aliganda. Kisha, polepole, akageuka akamtazama, na akaona mwanamke wa umbo dogo mwenye kovu kidevuni.

"Mama," alisema.

"Mgeni akitoka kwenda uani, akaacha viatu mlangoni, utasema amekwenda kwao?"

"Hapana."

"Yale mawingu ndiyo viatu vyake. Na kuku tazama, milango yote iko wazi, hakuna aliyetoka chini ya kitanda. Upepo huu haujaaga, mwanangu. Ulikuja kwa mgongo wa nyumba, utarudi kwa mlango. Kama mikono inakuwasha, vunja kitanda ukaze mlango."

Abilahi alitazama magunia. Akamtazama mkewe. Akakivunja kitanda.

Walikuwa wanakaza ubao wa mwisho wa kitanda waliposikia mngurumo, safari hii kutoka kaskazini. Mlango ulibenuka kama tumbo. Watatu waliuegemea kwa migongo, bega la Abilahi likiwa limegusana na bega la mama mkwe wake, na hakuna aliyekumbuka mwiko. Bahari iliingia majarubani ikavuka kingo. Waliisikia. Katikati ya kelele zile Abilahi alikuwa anasema neno moja tu, tena na tena: Mshamu, Mshamu.

Jioni walitoka. Hapakuwa na banda wala rundo wala mipaka ya majaruba. Sepetu ya Mshamu ilipatikana siku ya tatu, imekwama juu ya mkoko, juu kuliko mtu anavyoweza kufika. Mwenyewe hakupatikana.

Msibani watu walimwuliza Abilahi kwa nini yeye hakwenda, naye alikuwa hodari kuliko wote. Wengine waliuliza vibaya. Abilahi aliinamisha kichwa, akajibu kwamba alifundishwa na mama yake mkwe kuwa kimya cha tufani si kwaheri. Mwaka ule Mkokoni walikula uji bila chumvi. Lakini yeye aliula.

"Na yule mtoto?" Selukindo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anazungumza na wewe," alisema Bi Atiye.

Nilimwonea huruma Mshamu, kwa dhati, na kwa muda nikasahau kengele. Bi Atiye hakuwa amesahau. Alitia mkono mfukoni, akatoa soksi mbili, zimefuliwa, zimepigwa pasi, akazilaza gotini upande wenye uzi mwekundu ukiwa juu. Bweni letu lina sheria kwamba kila nguo ishonwe namba ya mwenyewe.

Selukindo aliutazama mlango. Miguu ilikuwa palepale, mwimo hadi mwimo.

"Sasa," alisema Bi Atiye kwa upole uleule wa siku tatu, "mia moja arobaini na saba ni nani?"

Ni mimi. Kimya cha tufani si kwaheri.