Kasha la Pampu Lililolazwa Jivuni

Kipoacho jivuni huvunjika kazini.

Jana mlimsikia dada yake Mama Neema akimwambia maneno hayo, mkacheka. Sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Nitawaeleza, ila anayetafuta kichekesho aende akachote maji, maana chanzo cha methali hii ni kaburi, na aliyezikwa nilimfahamu.

Tulikuwa na kiwanda kidogo cha kusubu vyuma, ng'ambo ya reli. Mimi nilikuwa natengeneza kalibu za mchanga, ambamo chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Gwimo, na kwake kila chuma kilichotoka kwenye kalibu kililazwa ndani ya jivu la moto, kikafunikwa gubigubi, kikatunzwa kama mzazi aliyemo kwenye arobaini. Maji yalikuwa mwiko. Hata kunawa mikono tulinawa nje. Wala haukuwa ushirikina, kwa sababu chuma tulichokizoea kikipozwa ghafla hupasuka. Vinu na majiko ya Gwimo mengine yanatumika hadi leo.

Basi watu wa machimbo ya chumvi wakaleta kazi. Maji yao ya chumvi ya moto yalikuwa yanatafuna makasha ya pampu, wakataka ya stenlesi, kile chuma cha sufuria zisizoshika kutu. Walimtuma mhandisi wao, Bi. Stamili, alete malighafi na maelekezo. Alikuwa dada mpole, anayerudia jambo mpaka ulielewe.

Alisema kasha likishasubiwa lirudishwe tanurini, liwake mpaka wekundu ukaribie umanjano, liachwe humo moto uliingie hadi moyoni, kisha litumbukizwe lote majini kwa mara moja. "Likipoa polepole," alisema, "ile dawa iliyomo ndani yake inayozuia kutu inajikusanya kwenye maungio ya chembe zake. Kwa nje litang'aa vilevile. Kwa ndani litakuwa limeoza kabla halijaanza kazi."

Gwimo aliitikia. Tukasubu makasha mawili, maana malighafi ilitosha mawili tu, na Bi. Stamili akarudi machimboni.

La kwanza Gwimo alilitia majini kama alivyoambiwa. Lakini mkono ambao haujawahi kufanya kazi hiyo ulisita, kasha likaingia upande, nusu ndani nusu nje. Lilipiga kelele kama mbuzi, likapinda. Halikufaa kitu. Gwimo alikaa chini akalitazama, na sikuwahi kumwona mtu akihuzunikia chuma namna ile.

Mjue pia kwamba aliyekuwa akiendesha pampu kule machimboni ni Hamenya, mwanawe wa pekee. Kasha lile lingekaa mbele ya kifua cha mtoto wake kutwa nzima, na kwa sababu hiyo Gwimo alitaka liwe zima kuliko vyote alivyowahi kusubu.

Siku ya kasha la pili nilimwona akilitoa tanurini, akalipita pipa la maji, akaelekea kwenye jivu.

"Bwana Gwimo," nikamwambia, "yule dada alisema maji."

"Nimemsikia."

"Sasa mbona jivuni?"

"Mama Tabu, la kwanza umeliona lilivyolia. Hili ndilo limebaki. Niliue na hili?"

"Alisema likipoa polepole linaoza ndani."

"Miaka yote hii jivu limeniharibia nini?" akaniuliza. Na kweli halikuwahi kumharibia kitu. Akalilaza taratibu na kulifunika.

Lilitoka zuri mno. Tulilisugua likang'aa, na Hamenya alipokuja kulichukua aliinama akajitazama humo. "Baba," alisema, "umenifanyia kioo." Mzee alicheka. Bi. Stamili alipolipokea aliuliza kama lilipita majini, na Hamenya, aliyekuwa hajui, akajibu kwamba baba yake hawezi kukosea.

Mvua zikaja, zikaisha, kasha linang'aa. Hata mimi nilianza kufikiri kwamba yule dada alitutisha bure. Halafu asubuhi moja Hamenya alikuwa anakaza nati, kazi aliyoifanya kila siku, kasha likakatika kama muhogo mkavu. Maji ya chumvi yanayochemka yakammwagikia kuanzia shingoni. Hospitali walimfunga bendeji mwili mzima, na kabla ya Ijumaa tulikuwa makaburini.

Bi. Stamili alikuja msibani na kipande cha kasha ndani ya kitambaa, kwa kuwa mzee mwenyewe alikiomba. Gwimo alikigeuza. Upande wa nje bado uling'aa. Pale palipokatika palikuwa na chengachenga kama sukari guru, na katikati ya chenga mistari ya kutu.

"Ni jivu?" akauliza.

"Ni jivu, baba."

"Nililionea huruma."

Bi. Stamili alishika mkono wa mzee akalia naye, nasi tukalia. Siku hiyo mahali palikuwa pazito, hata chai iliyopikwa hakuna aliyeinywa.

Gwimo alirudi kazini. Vyuma vya zamani aliendelea kuvilaza jivuni, maana huko ndiko kwao. Lakini kila kipande cha stenlesi alikitia majini mwenyewe, kimesimama wima, bila kusita, na kila kilipolia aligeuza uso. Fundi mgeni akishtuka na kusema kipumzishwe kwanza, mzee alimjibu kwa yale maneno mliyoyacheka. Alikufa akiwa mtu wa maneno machache.

Sasa mrudi kwa Mama Neema. Mwanawe amemgonga mtu kwa pikipiki, na yeye amemficha kwa mjomba asijibu kosa lake, kwa kuwa anampenda. Sisemi hampendi. Gwimo naye alipenda. Kijana atarudi amenenepa, amependeza, na siku moja mtu atamkabidhi uhai wa mwenzake, akiona anavyong'aa.

Hapo ndipo mtakapoikumbuka sauti yangu: kipoacho jivuni huvunjika kazini.